Profaili Hamaji: Mwacheni Mama wa Uhasibu

Haya wadau, najua kimya kimezidi. Fildi imekwisha, ripoti nimeshaikabidhi kwa msimamizi, boom bado halijaingia (hilo tuliache kwanza), kwa hiyo sasa nina muda wa kuandika. Leo sina stori za kantini wala za mabweni. Nina neno kuhusu kompyuta za maofisini, na wale wa Sheria na Biashara msikimbie, maana nyie ndio mtakaokaa kwenye hizo kompyuta, na nyie ndio mtakaoandikiwa barua za kujieleza mambo yakiharibika.

Hoja yangu naisema mapema ili asiyekubaliana nami aanze kununa mapema. Ofisi ikiamua kutumia profaili hamaji, halafu ikaacha nyaraka za wafanyakazi zikae humo humo ndani ya profaili, basi faili ikipotea mwenye kosa ni yule aliyeuweka mfumo. Siyo katibu muhtasi, siyo mhasibu, siyo yule mzee wa masijala. Mtumiaji hajui kinachoendelea huko ndani na wala hatakiwi kujua. Aliyeuweka mfumo anajua, au alipaswa kujua, na analipwa kwa ajili hiyo.

Sasa tuelewane kwanza profaili ni kitu gani, maana wengine wakisikia profaili wanafikiria picha ya WhatsApp.

Kwenye Windows kila mtu anayeingia ana folda yake ndani ya C:\Users. Humo kuna deskitopu yake, kuna Documents, kuna Downloads, kuna picha, na kuna folda iliyofichwa inayoitwa AppData ambako programu zinaweka mambo yao. Kuna na faili moja iliyofichwa, NTUSER.DAT, ambayo ndiyo inabeba sehemu yako ya rejista ya Windows: umechagua picha gani ya nyuma, printa ipi, Excel uliiacha imepangwaje. Huo mzigo wote ndio profaili. Kwa kawaida unakaa kwenye mashine moja tu. Ukihamia mashine ya jirani unakuwa mgeni: hakuna faili, hakuna printa, hakuna chochote.

Profaili hamaji ni dawa ambayo Microsoft waliileta tangu enzi za Windows NT, miaka ya 1990. Msimamizi wa mtandao anafungua akaunti yako ndani ya Active Directory, anaandika njia ya kwenda kwenye folda fulani ya seva, basi. Kuanzia hapo ukiingia kwenye mashine yoyote ya ofisi, profaili yako inanakiliwa kutoka kwenye seva kuja kwenye mashine hiyo. Ukitoka, mabadiliko yananakiliwa kurudi kwenye seva. Kesho ukikaa ghorofa nyingine unakuta vitu vyako vinakusubiri. Kwa mazingira yetu, ambako kompyuta moja inaweza kutumiwa na watu watatu kwa zamu na mashine ikifa inaweza kukaa kwa fundi miezi miwili, wazo hili ni tamu. Nalikubali kabisa. Sijaja hapa kulitukana.

Tatizo liko kwenye neno moja tu: inanakiliwa.

Watu wa Unix walikwenda njia nyingine zamani. Kule MIT, Marekani, walianza mradi wao wa Athena mwaka 1983, na lengo mojawapo lilikuwa hili hili, mwanafunzi akae kwenye mashine yoyote ya kampasi akute kazi zake. Lakini kwao faili zilikaa kwenye seva, na mashine ilizisoma na kuziandika huko huko kupitia mtandao. Faili ni moja, iko sehemu moja. Windows ikachagua kunakili. Ni sawa na kwenda stesheneri kila asubuhi kutoa fotokopi ya daftari lako, ukaandika kwenye fotokopi mchana kutwa, halafu jioni ukarudisha kurasa zilizobadilika kwenye daftari lenyewe. Ukiwa na fotokopi moja, mambo shwari. Ukiwa na fotokopi mbili siku moja, andaa kitambaa cha machozi.

Ofisi niliyofanyia fildi (siitaji, na msinibembeleze) ilikuwa na wafanyakazi thelathini na ushee, seva moja, na kaka mmoja wa Tehama ambaye alikuwa anafanya kila kitu mpaka kurekebisha mashine ya fotokopi. Kuna mama mmoja wa uhasibu, mtu mzima, mtaratibu, kila kitu chake kina rula. Siku moja alikaa kwenye mashine yake tangu saa mbili asubuhi anajaza jedwali la bajeti ya robo mwaka. Saa nne na nusu akasevu, akafunga faili, akaifunga skrini kwa nywila bila kutoka, akaenda kwenye kikao. Ukumbi wa mikutano una kompyuta yake. Akaingia pale kwa jina lake ili awaonyeshe wakubwa lile jedwali.

Kompyuta ya ukumbini ikavuta profaili yake kutoka kwenye seva. Seva ilikuwa na nini? Ilikuwa na fotokopi ya jana jioni, kwa sababu kazi ya asubuhi bado ilikuwa kwenye mashine ya ofisini kwake. Hakuwa ametoka, kwa hiyo haikuwa imerudishwa. Akafungua jedwali, akaona namba ni za jana. Akawaambia wakubwa, hizi za jana, mpya ziko ofisini. Bosi akasema hamna shida, ila hiki kichwa cha habari kimekosewa mwaka, rekebisha hapo hapo. Akarekebisha neno moja. Akasevu. Saa tano hiyo. Akatoka vizuri kabisa kama anavyotakiwa, na faili ikapanda kwenye seva.

Akarudi mezani kwake. Jedwali la asubuhi lipo, zima, namba zote. Moyo ukatulia, akaendelea na mambo ya risiti, hakuligusa tena. Saa kumi akatoka, akaenda kudandia daladala.

Hapo ndipo Windows ilipofanya kazi yake kama ilivyoandikiwa. Wakati wa kutoka, inalinganisha faili za kwenye mashine na za kwenye seva, na iliyosevuliwa baadaye ndiyo inayoshinda. Ya mezani ilisevuliwa saa nne na nusu. Ya kwenye seva ilisevuliwa saa tano. Ya saa tano ikabaki. Windows haifungui faili kuona ndani kuna saa mbili na nusu za kazi au neno moja la kichwa cha habari. Inaangalia saa tu. Halafu kwa kuwa ofisi ile ilikuwa imewasha sera ya kufuta nakala ya profaili kwenye mashine baada ya mtu kutoka (diski zilikuwa ndogo, na pia hawakutaka faili za watu zizagae), nakala ya mezani ikafutwa. Kazi ya asubuhi ikafa hapo. Hakuna ujumbe, hakuna onyo, hakuna "una uhakika?". Na bakapu isingesaidia, kwa sababu bakapu ilikuwa ya seva na toleo la asubuhi halikuwahi kufika kwenye seva hata dakika moja.

Kesho yake mama akaniita. "Mwanangu, mimi nilisevu. Niliona kwa macho yangu." Nikamwambia, "Mama, ni kweli ulisevu." Nilimwonyesha kwa karatasi mbili jinsi ilivyotokea, akaelewa kwa dakika tano. Mhasibu anaelewa haraka mambo ya leja mbili zisizolingana.

Siku mbili baadaye akapewa barua ya kujieleza. Kwenye maelezo ya kitengo cha Tehama sababu iliandikwa kuwa ni uzembe wa mtumiaji: hakutoka kwenye mashine ya kwanza, na alihifadhi nyaraka deskitopu wakati tangazo lilishabandikwa ubaoni kwamba watu wasihifadhi deskitopu. Jedwali alilirudia lote, Jumamosi yake ikaliwa. Barua iko kwenye jalada lake na mpaka naondoka ilikuwa bado ipo.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, na ndiyo maana naandika haya yote.

Tuanze na hilo tangazo la ubaoni. "Msihifadhi deskitopu." Haya, tuhifadhi wapi? Mtu mtiifu atahifadhi kwenye Documents, ambako Windows na Word na Excel zenyewe zinampeleka. Lakini kwenye ofisi ile Documents nayo ilikuwa ndani ya profaili! Yangetokea yale yale, neno kwa neno. Kwa hiyo tangazo lilimkataza mama kitu kimoja na kumwacha kwenye shimo lile lile. Ile ilikuwa karatasi ya kujikinga tu, ili lawama zikija ziwe na mahali pa kwenda.

La pili, "hakutoka kwenye mashine ya kwanza." Jamani, nani kati yenu hutoka kabisa akienda kikao cha nusu saa? Kwenye semina za usalama tunaambiwa ukisimama funga skrini. Alifunga. Na tena kwenye ofisi ile kutoka na kuingia upya ilikuwa safari ya dakika kumi. Mfumo unaoadhibu watu kwa kutoka halafu unawalaumu kwa kutotoka, huo mimi siuelewi.

Hizo dakika kumi nazo tuzipigie hesabu, maana kuna watu wanadhani wepesi wa mtandao ni bahati. Tuseme profaili ya mtu ni GB 1.5, siyo kubwa, ni picha za harusi mbili tatu na PDF. Kebo ya mezani ni ya megabiti 100 kwa sekunde, yaani kama megabaiti 12.5. Gawanya: sekunde 120 kama uko peke yako na kila kitu kiko sawa kabisa. Sasa saa mbili asubuhi watu 30 wanaingia pamoja. Hizo ni GB 45, na seva ina mlango mmoja wa gigabiti 1, megabaiti 125 kwa sekunde. Ni dakika 6 kwa hesabu za ubaoni. Kwenye maisha ya kweli profaili ni maelfu ya vifaili vidogo vidogo, na diski ya kuzunguka inavichukia hivyo kuliko kitu chochote. Zidisha mwenyewe. Kuwa mkweli, tangu Windows 2000 mfumo hunakili vilivyobadilika tu, kwa hiyo ukirudi kwenye mashine ile ile huwa ni haraka. Lakini ukiwasha ile sera ya kufuta nakala, kila asubuhi unavuta yote upya. Wale hawakuyaweka mambo haya mawili pamoja kichwani.

Watu wakichoka kusubiri wanafanyaje? Wanabonyeza swichi ya umeme. Au umeme wenyewe unakatika na UPS imekufa tangu mwaka juzi. Vyovyote vile, mashine imezimika bila mtu kutoka, na kwa hiyo hakuna kilichorudishwa kwenye seva. Siku nyingine profaili inaharibika kabisa, na Windows inakupa ile ya muda, inakuambia kabisa kwenye kona kwamba umeingia kwa profaili ya muda. Nani anasoma? Mtu anaona deskitopu tupu, anapiga moyo konde, anafanya kazi ya siku nzima, anasevu deskitopu. Akitoka, profaili ya muda inafutwa na kila kilichomo. Nimeona mtu mzima analia kwa hilo, na sikucheka.

Dawa ipo na si ngeni, imekuwemo kwenye Group Policy tangu Windows 2000. Kazi yake ni kuelekeza folda kwingine, wenyewe wanaiita Folder Redirection. Unaiambia domeini kwamba Documents na deskitopu ya kila mtu visikae tena ndani ya profaili, vikae moja kwa moja kwenye folda ya seva. Mtumiaji haoni tofauti yoyote. Anabofya deskitopu kama zamani, lakini faili iko kwenye seva, moja, haina fotokopi. Ni ile akili ya Athena. Tumrudishe mama ukumbini kwa mfumo huo: anafungua jedwali, anakuta namba za saa nne na nusu, kwa sababu ni faili ile ile. Na kama angeiacha wazi mezani, Excel ingemwambia faili inatumika. Wala tusingekuwa na barua.

Kinachobaki ndani ya profaili ni mipangilio tu: NTUSER.DAT na zile AppData za kuhama. Hicho ni kimzigo kidogo, megabaiti makumi kadhaa kama hujaachia programu zijaze takataka, na kinapanda na kushuka kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Kikigongana, umepoteza picha ya nyuma. Picha ya mjukuu itarudishwa.

Kwa wale wa Tehama mtakaoliweka hili, kuna mambo machache niliyoyaona kwa macho na ningependa msije mkasumbuka nayo. Folda ya pamoja ya profaili ifiche kwa alama ya dola mwishoni mwa jina, na uzime uhifadhi wa nje ya mtandao kwenye folda hiyo, maana mifumo miwili ya kulinganisha faili juu ya folda moja ni ugomvi. Usimtengenezee mtu folda yake ya profaili kwa mkono. Mwache Windows aitengeneze mwenyewe mtu anapoingia na kutoka mara ya kwanza, la sivyo mmiliki wa folda anakuwa wewe, na Windows itakataa kuipakia. Watu wapewe ruhusa ya kutengeneza folda kwenye mzizi, na kila mmoja awe na mamlaka kamili kwenye ya kwake tu.

Hapo kuna jambo la faragha pia. Kwa kawaida Windows ikitengeneza folda ya profaili, hata msimamizi hawezi kuichungulia. Kuna sera ya kumwongeza msimamizi, na inafanya kazi kwa profaili mpya tu, kwa hiyo wasimamizi wengi huiwasha siku ya kwanza. Sina ugomvi nayo, bakapu na matengenezo vinahitaji. Lakini Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na ndani ya profaili ya mtu kuna nywila zilizohifadhiwa, kuna barua pepe, kuna majibu ya hospitali aliyoskani mchana. Ukijipa ufunguo, watu wajue unao. Pale nilipokuwa hakuna aliyeambiwa.

Kuna kituko kingine cha matoleo. Profaili ya Windows 7 folda yake kwenye seva inaishia na .V2. Windows 8.1 ni .V4. Windows 10 za mwanzo ni .V5, na kuanzia toleo la 1607 ni .V6. Haziongei. Ofisi yenye mashine za Windows 7 kwenye kona na Windows 10 kwenye meza za wakubwa inampa mtu mmoja profaili mbili zisizojuana. Akisevu kwenye Documents ya huku, kule haipo, naye anaapa amerogwa. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7 Januari 2020 na Windows 10 Oktoba 2025, lakini nyie mnajua na mimi najua mashine hizo bado zinanguruma maofisini. Ukishaelekeza folda kwingine, Documents inakuwa moja kwa matoleo yote, na uchawi unaisha.

Sasa kaka wa Tehama nilimweleza haya, kwa adabu, maana mimi ni mtoto wa fildi na yeye ndiye atakayenijazia fomu. Hakuwa mtu mbaya. Alinipa jibu moja ambalo nalo lina uzito: "Nikiweka nyaraka zote kwenye seva, siku seva ikifa ofisi nzima inasimama. Sasa hivi ikifa, walau mtu ana nakala kwenye mashine yake." Ni kweli. Kwa folda zilizoelekezwa, seva ikizima mezani hakuna kitu, isipokuwa uhifadhi wa nje ya mtandao uwe umewashwa, ambao kwenye laptopu ni muhimu (na wenyewe faili zikigongana hukuonyesha mgongano na kukuuliza, haufuti kimya kimya). Lakini nikamuuliza, kaka, hizo nakala za mashineni si umewasha sera ya kuzifuta? Akacheka.

Na hata bila hilo, mimi nachagua mfumo unaosimama mbele ya watu wote kuliko unaopoteza kazi ya mtu mmoja kimya kimya. Seva ikisimama, bosi anajua, kila mtu anajua, pesa ya UPS na diski ya pili inapatikana wiki hiyo hiyo. Kazi ya mama ikipotea anajua mama tu, na anayeandikiwa barua ni yeye. Mzigo wa udhaifu wa mfumo ubebwe na ofisi, usigawiwe vipande vipande kwa wanyonge.

Pesa isiwe kisingizio. Asiye na leseni za seva ya Windows kuna Samba, ya bure, ambayo tangu toleo la 4.0 la Desemba 2012 inaweza kusimamia domeini ya Active Directory yenyewe, na profaili hamaji na kuelekeza folda vyote vinafanya kazi juu yake. Zipo na njia mpya zaidi: FSLogix, ambayo Microsoft waliinunua mwaka 2018, inaiweka profaili nzima ndani ya diski moja ya kubuni inayounganishwa kupitia mtandao, na OneDrive inaweza kuhamisha deskitopu na Documents kwenda kwenye wingu. Hiyo ya wingu nzuri kwa mwenye bando lisiloisha. Siongezi neno.

Labu za vyuo ni mada yake, ila kwa kifupi: sehemu ambayo mamia ya watu wanapita kwa siku wala haihitaji profaili hamaji. Kuna profaili ya lazima, unabadili jina la NTUSER.DAT kuwa NTUSER.MAN, na kila anayeingia anapata sura ile ile, akichezea chochote kinafutika akitoka. Halafu nyaraka ndizo zinaelekezwa kwenye seva, kila mtu ya kwake. Wale wa mwaka wa mwisho wenye projekti na flashi zilizojaa virusi mnanielewa nasema nini.

Kwa ambao fildi yenu ni mwezi wa saba, siku ya kwanza fanyeni hivi. Bofya kulia kwenye folda ya Documents, angalia sehemu inayoonyesha ilipo. Kama njia inaanza na C:\Users, halafu kwenye mipangilio ya profaili za watumiaji jina lako limeandikwa Roaming, uko kwenye mfumo ule ule wa mama. Toka kabisa kwenye mashine moja kabla hujaingia nyingine, hata kama ni dakika kumi, na kazi ya maana jitumie kwa barua pepe ya ofisi kabla ya kusimama. Halafu mtafute mtu wa Tehama, mwamkie vizuri, umuulize kama anaijua Folder Redirection. Msiende na kiburi cha chuo, atawapeleka kuvuta kebo kwenye dari.

Basi wadau, naishia hapa, bomba la bloku yetu limeanza kutoa maji na ndoo zangu ziko mbili tu. Wa chumba namba 14, ile ektensheni yangu naiomba leo.